Bunduki, leseni na tagi: maswali matatu yanayochanganywa katika habari za uwindaji Marekani

Colorado imepiga marufuku bunduki. Kodi ya viwambo vya sauti, vile vifaa vya kupunguza mlio wa bunduki, imefutwa. Pennsylvania imeruhusu kuwinda Jumapili. Kauli za namna hii huenea upesi miongoni mwa Waswahili waishio Marekani, na kila moja ina punje ya ukweli. Ya kwanza inahusu sheria iliyotiwa saini Aprili 2025, ila sheria hiyo haimnyang'anyi mtu bunduki aliyo nayo. Ya pili ni kweli kwa upande wa kodi peke yake, usajili haukuguswa. Ya tatu ni kweli kwa Jumapili zilizotajwa kwenye ratiba, basi.

Aliyekulia Tanzania au Kenya hana lawama akichanganyikiwa. Kwetu sheria ya silaha ni moja: ile ya Tanzania ya 2015 inasomeka vilevile Tunduma na Namanga, na Kenya ilifunga uwindaji wa wanyama nchi nzima mwaka 1977. Marekani kuna majimbo 50, kila moja na bunge lake, gavana wake, mahakama zake na tume au idara yake ya wanyamapori, kisha juu yao kuna serikali ya shirikisho. Bunduki ile ile, mikononi mwa mtu yule yule, huweza kuwa halali asubuhi na kosa la jinai mchana kwa sababu ya daraja alilovuka.

Fundo hili hufunguka ukitenganisha maswali matatu. Je, unaruhusiwa kuwa na bunduki hii? Je, unaruhusiwa kutembea nayo hapa? Je, unaruhusiwa kumpiga mnyama huyu, kwa silaha hii, mahali hapa, leo? Fikiria gari. Kuwa na kadi ya gari ni jambo moja, leseni ya udereva ni jambo la pili, na kibali cha kubeba abiria katika njia fulani ni la tatu. Trafiki anaweza kukusimamisha na kukukuta una viwili kati ya hivyo vitatu, na kosa likabaki kosa. Habari nyingi zinazopotosha huchukua jibu la swali moja na kulibandika kwenye swali jingine.

Maneno kabla ya sheria

Raifoli ni bunduki ndefu yenye mtutu uliochongwa michirizi ndani, inayopiga risasi moja kwa mbali. Bunduki ya marisau, ile iitwayo shotigani, hutawanya vyuma vidogo kwa karibu au hupiga donge moja kubwa. Bunduki inayojipakia yenyewe hutoa risasi moja kila unapovuta kifyatulio, kisha huingiza nyingine bila wewe kugusa kitu. Hiyo si bunduki ya rashasha, ambayo huendelea kutema risasi mradi umeshikilia kifyatulio. Watu wengi, na wanahabari wengi, huzichanganya hizi mbili, ilhali sheria huzitenga mbali sana. Magazini ni kibweta cha risasi. Kuna inayochomolewa na kuna iliyojengwa ndani ya bunduki isiyochomoka.

Upande wa porini, leseni ni ruhusa ya kuwa mwindaji kwa mwaka ule. Tagi ni ruhusa ya kumchukua mnyama mmoja wa aina fulani, mara nyingi wa jinsia fulani na katika eneo fulani. Leseni bila tagi ni kama tiketi ya kuingia uwanjani bila namba ya kiti. Sheria hupitishwa na bunge la jimbo. Kanuni za msimu, yaani tarehe, idadi na aina ya silaha, kwa kawaida huwekwa na tume ya wanyamapori kila mwaka au kila baada ya miaka michache. Askari anayezisimamia ni yule ambaye wazee wetu walimwita bwana nyama. Majimbo mengi humpa mamlaka kamili ya polisi, kwa hiyo usimdharau kwa sababu amevaa kijani.

Swali la kwanza: kuwa na bunduki

Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani yaliidhinishwa mwaka 1791. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ilitamka kwamba yanalinda haki ya mtu binafsi kuwa na silaha, na mwaka 2010 ikasema majimbo nayo yanafungwa na haki hiyo. Lakini sheria ya shirikisho ya 1968, pamoja na nyongeza zake, ina orodha ya wasioruhusiwa kabisa kushika bunduki wala risasi. Wamo waliotiwa hatiani kwa makosa yenye adhabu ya zaidi ya mwaka mmoja gerezani, waliowahi kuhukumiwa kwa kupiga mwenza hata kama kosa lilikuwa dogo, watumiaji wa dawa zilizokatazwa, na wageni wa aina mbili: asiye na kibali cha kuwepo nchini, na aliyeingia kwa viza ya muda.

Hapo pa viza ya muda ndipo panapowaumiza watu wetu. Mwanafunzi, mfanyakazi wa mkataba au mtu aliyekuja kuwatembelea nduguze huambiwa na rafiki Mmarekani, “Twende uwanja wa shabaha, utakodi bastola pale pale.” Kukodi ni kushika, na kushika ndiko kunakokatazwa. Kuna mlango mmoja mdogo: mwenye viza ya muda aliye na leseni halali ya uwindaji, ambayo haijaisha muda, iliyotolewa na jimbo lolote la Marekani, hutolewa katika katazo hilo. Leseni hiyo haihitaji kuwa ya jimbo unamonunulia bunduki. Ikiisha usiku wa manane, ruhusa nayo imeisha. Mlango huo haupo kabisa kwa mtu ambaye hana kibali cha kuwepo nchini. Kuvunja katazo hili huweza kumpeleka mtu gerezani hadi miaka 15. Na kuna jambo ambalo wachache hulijua: hukumu ya kosa la silaha huweza kuwa sababu ya kufukuzwa nchini hata kwa mwenye green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu. Mwenye green card anaruhusiwa kumiliki bunduki kwa sheria ya shirikisho, ila majimbo mengine humtaka kibali cha ziada. Mwenye hadhi nyingine yoyote aanzie kwa wakili wa uhamiaji kabla ya kufika duka la bunduki.

Dukani utajaza Fomu 4473. Muuzaji hutuma jina lako kwenye mfumo wa ukaguzi wa rekodi ulioanza kazi Novemba 1998. Majimbo mengine, kama Colorado na Pennsylvania, yana ofisi zao zinazofanya ukaguzi huo. Jibu huwa ni ruksa, hapana, au subiri. Ukiambiwa subiri na siku tatu za kazi zikapita bila jibu, sheria ya shirikisho humruhusu muuzaji kukukabidhi bunduki, ingawa hailazimishi. Kwa mnunuzi aliye chini ya miaka 21, sheria ya Juni 2022 imeruhusu muda huo kufika siku 10 za kazi endapo kuna jambo la kuchunguza.

Makosa mawili hutokea kwenye fomu hii mara kwa mara. La kwanza ni bangi. Colorado inauzwa dukani kama sigara, na mtu huona hana la kuficha. Fomu yenyewe imeandika onyo kwamba kwa sheria ya shirikisho bangi bado ni dawa iliyokatazwa hata pale jimbo liliporuhusu. La pili ni huruma. Mtu huambiwa, “Kaka, ninunulie hiyo, jina langu halijakaa vizuri, pesa nakupa mkononi.” Fomu inauliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Ukiandika ndiyo ilhali pesa ni za mwingine na bunduki ni yake, umetenda kosa hata kama mwenzako angepita ukaguzi bila shida. Zawadi ya kweli kwa mtu anayeruhusiwa kisheria, uliyoinunua kwa fedha yako, ni suala tofauti.

Colorado: kilichopita na kisichopita

Sheria iliyozua kelele ni SB25-003, ambayo Gavana Jared Polis aliitia saini tarehe 10 Aprili 2025, na ambayo ilipangiwa kuanza kutumika tarehe 1 Agosti 2026. Inahusu kununua, kuuza na kutengeneza baadhi ya bunduki zinazojipakia zenyewe na zenye magazini ya kuchomoa. Haikufuta umiliki wa zile ambazo watu wanazo tayari.

Raifoli inayopakiwa kwa mkono, kwa komeo, kwa pampu au kwa wenzo, haimo. Bunduki nyingi za kuwindia kulungu ni za aina hizo. Bunduki ya marisau inayojipakia yenyewe lakini yenye magazini ya bomba isiyochomoka, ile ya wawinda bata, haimo pia, mradi magazini haizidi risasi 15. Raifoli ndogo za kipenyo cha .22 kwa sehemu kubwa zimeachwa nje. Bastola za kawaida zinazojipakia kwa nguvu ya msukumo wa risasi zimeachwa. Zinazotumia gesi ndizo zimeguswa.

Na hata hizo zilizoguswa, mtu anaweza kuzinunua akipita njia iliyowekwa: sherifu wa kaunti humkagua na kumpa kadi ya kustahili, kisha mnunuzi huhudhuria mafunzo ya usalama ana kwa ana na kupata angalau asilimia 90 kwenye mtihani. Hapa ndipo uwindaji unapoingia katika sheria ya silaha. Aliye na cheti cha mafunzo ya uwindaji kilichothibitishwa na idara ya hifadhi na wanyamapori ya jimbo husoma saa 4 tu. Asiye nacho husoma saa 12, zilizogawanywa katika siku mbili au zaidi. Mafunzo hayo hudumu miaka 5. Hata anayeipinga sheria hii kwa moyo wote atapoteza nini akikaa darasa la uwindaji mapema? Bila cheti hicho kwa kawaida hatapata leseni ya kuwinda Colorado kama alizaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baadaye. Texas mpaka wake ni tarehe 2 Septemba 1971.

Usisahau kwamba Colorado ilikuwa na vizingiti vingine kabla ya hiki: magazini zisizozidi risasi 15 tangu Julai 2013, kusubiri siku 3 tangu Oktoba 2023, na kodi ya asilimia 6.5 kwa bunduki na risasi tangu Aprili 2025, iliyotokana na kura ya wananchi. Anayesema “sheria mpya ya Colorado” bila kutaja ipi hajasema kitu.

Kiwambo cha sauti

Tangu 1934 kiwambo cha sauti kilitozwa kodi ya dola 200 kila kilipohamishwa kwa mmiliki mpya, sawa na rashasha na raifoli yenye mtutu mfupi chini ya inchi 16. Sheria ya bajeti iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 ilishusha kodi ya viwambo na mitutu mifupi kuwa sifuri kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Rashasha ilibaki na kodi yake. Fomu, alama za vidole, picha na ukaguzi wa ATF, shirika la shirikisho linalosimamia silaha, vikabaki palepale. Kwa hiyo hutakinunua kiwambo kama unavyonunua betri.

Na jimbo lina neno lake. Majimbo manane, yaani California, Delaware, Hawaii, Illinois, Massachusetts, New Jersey, New York na Rhode Island, yanakataza raia kuwa nacho. Connecticut inaruhusu kuwa nacho lakini si kuwindia. Mfano mzuri wa swali la kwanza kujibiwa ndiyo na la tatu hapana.

Kuhusu sinema: kiwambo hakiifanyi raifoli inong'one. Mlio wa raifoli hufika desibeli 160 hivi, na kiwambo huupunguza kwa desibeli 20 hadi 35. Kinachobaki bado ni mlio mkubwa. Faida yake kwa mwindaji ni masikio yake na majirani wake.

Swali la pili: kutembea nayo

Majimbo 29 huruhusu mtu mzima anayestahili kubeba bastola bila kibali. Texas ilianza Septemba 2021 kwa wenye miaka 21 na zaidi; Florida Julai 2023; Louisiana na South Carolina zikafuata 2024. Wengi husikia hivyo wakadhani ruhusa hiyo inawafuata popote. Leseni ya udereva ya Texas utaiendeshea New York bila shida. Ruhusa ya kubeba bastola haiko hivyo: inaishia mpakani, isipokuwa pale jimbo jirani limekubali.

Hata ndani ya jimbo lenye uhuru huo kuna mtego. Sheria ya shirikisho inakataza silaha ndani ya futi 1,000 kutoka shuleni, ambazo ni kama mita 305. Mwenye kibali kilichotolewa na jimbo lile lile anasamehewa. Anayebeba bila kibali kwa kuwa jimbo halidai, msamaha huo haumfikii. Piga hesabu una shule ngapi kati ya nyumba yako na duka la vyakula. Ndiyo maana Texas watu bado wanaomba kibali ambacho jimbo haliwalazimishi kuwa nacho.

Kwa anayesafiri kwenda kuwinda, kinga ya shirikisho ya 1986 inamruhusu kupita jimbo lenye sheria kali ikiwa anaruhusiwa kuwa na bunduki hiyo anakotoka na anakokwenda. Sharti ni kwamba bunduki iwe tupu, nayo na risasi zake zisifikike kutoka kwenye viti. Weka kwenye buti. Gari lisilo na buti lililotengwa, tia kwenye kasha lenye kufuli, na droo ya mbele ya abiria haihesabiki kuwa kasha. Kwa ndege, bunduki tupu hukaa ndani ya kasha gumu lenye kufuli, huenda na mizigo ya chini, na unaitangaza kaunta unapofika.

Neno “kupita” lina uzito. Kesi iliyoamuliwa na mahakama ya rufaa mwaka 2010 ilimhusu mkazi wa Utah aliyekuwa akielekea Allentown, Pennsylvania, kwa ndege kupitia Newark. Alikosa ndege ya kuunganisha, akachukua begi lake lenye bastola, akalala hotelini New Jersey. Kesho yake aliporudi uwanjani na kuitangaza bastola kama alivyotakiwa, akakamatwa. Mahakama ilisema kinga haikumhusu, kwa sababu usiku ule silaha ilikuwa mahali anapoweza kuifikia. Ukikwama katika jimbo kali, begi liache mikononi mwa shirika la ndege, au waite polisi wa uwanja kabla hujaligusa.

Swali la tatu: mnyama huyu, hapa, leo

Hapa ndipo kurasa zinapokuwa nyingi, na ndipo waliopita maswali mawili ya kwanza kwa umahiri huanguka. Nchini Marekani wanyamapori si mali ya mwenye shamba. Jimbo huwashikilia kwa niaba ya umma. Mwenye shamba anaweza kukukataza kuingia, lakini hawezi kukupa ruhusa ya kuua mnyama ambaye msimu wake haujafunguliwa.

Ardhi yenyewe ina lugha yake. Texas, ambako karibu ardhi yote ni ya watu binafsi, mstari wa rangi ya zambarau kwenye shina la mti ni katazo kamili la kuingia, sawa na bango. Sheria imetaja hata vipimo: mstari wa wima, urefu wa inchi 8 au zaidi, upana wa inchi 1 au zaidi, futi 3 hadi 5 kutoka chini, na msituni mstari mmoja usiwe mbali na mwingine zaidi ya futi 100. Anayedhani ni alama ya wakata miti ataingia shamba la mtu akiwa na bunduki begani, na hilo si kosa dogo. Pennsylvania nayo inatambua rangi hiyo, na pale, kwa bunduki, usiwinde ndani ya yadi 150 kutoka nyumba inayokaliwa bila idhini ya wakaaji. Kwa upinde ni yadi 50.

Mavazi nayo yamepimwa. Colorado inataka inchi 500 za mraba za rangi ya chungwa au waridi inayong'aa juu ya kiuno, pamoja na kofia. Hizo ni kama kitambaa cha sentimita 57 kwa 57. Pennsylvania, katika misimu inayodai rangi hiyo, ni inchi 250, kama sentimita 40 kwa 40, kichwani, kifuani na mgongoni. Fulana ya chungwa yenye madoa ya majani huuzwa dukani na hupendeza, lakini Colorado haihesabu. Inataka rangi tupu.

Silaha: Ohio, tangu 2014, inaruhusu raifoli kwa kulungu ikiwa ganda la risasi limenyooka, kuanzia kipenyo cha .357 hadi .50. Ganda lililobanwa shingoni kama chupa halikubaliki. Sababu ni ya kijiografia. Nchi ni tambarare na nyumba zimesambaa. Ganda la chupa hubeba baruti nyingi nyuma ya risasi nyembamba, na risasi hiyo ikikosa kulungu huendelea mbali. Risasi nzito ya ganda lililonyooka huanguka mapema. Kosa la kawaida ni .30-30, raifoli ya kizamani inayoonekana mpole, ambayo wengi hudhani inafaa. Ganda lake lina shingo. Haifai.

Kwa bata mwitu na bukini, sheria ya shirikisho inaungana na ya jimbo. Bunduki isichukue zaidi ya risasi 3, moja kwenye chemba na mbili kwenye bomba. Kama bomba ni refu, tia kizibo kimoja kisichoweza kutolewa bila kuifungua bunduki. Mwenye miaka 16 na zaidi anahitaji stempu ya bata ya dola 25. Marisau ya risasi nyeusi, yaani ya madini ya risasi yenye sumu, yamekatazwa kwa ndege wa majini nchi nzima tangu 1991. Ganda moja la zamani lililosahaulika mfukoni mwa koti linatosha kukuandikia faini hata kama hukulipiga.

Jumapili ya Pennsylvania ni mabaki ya sheria za zamani zilizofunga shughuli nyingi siku ya ibada. Kwa miaka mingi waliowindwa Jumapili walikuwa mbweha, koyoti na kunguru tu. Sheria ya 2019 ikafungua Jumapili tatu. Julai 2025 Gavana Josh Shapiro alitia saini sheria iliyofuta katazo na kuipa tume ya wanyamapori kazi ya kupanga Jumapili. Tume ilitangaza 13 kwa msimu huo, kuanzia 14 Septemba hadi 7 Desemba 2025, na ndege wanaohama hawakujumuishwa. Mnyama lazima awe kwenye msimu wake. Jumapili haifungui msimu uliofungwa. Maine bado inakataza kabisa, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilikataa hoja kwamba haki ya chakula iliyoingizwa kwenye katiba yao mwaka 2021 inaruhusu kuwinda siku hiyo. Hoja ilikuwa ya kuvutia, nakiri.

Mnyama akianguka, tagi hutangulia kila kitu. Texas unakata tarehe kwenye tagi na kuifunga kwenye mzoga mara tu baada ya kuua, au unafuata utaratibu wa tagi ya kidijitali ikiwa ndiyo uliyonunua. Anayemburuta kulungu hadi kwenye gari kwanza, apige picha, ndipo akumbuke tagi, amekwisha kosea. Kisha kuna ugonjwa wa kudhoofisha kulungu, unaoshambulia ubongo, ulioonekana kwanza Colorado mwaka 1967. Haujathibitishwa kumwambukiza binadamu, lakini mamlaka za afya hushauri nyama ya mnyama aliyepimwa na kukutwa nao isiliwe. Kwa ajili yake majimbo mengi hukataza kuvusha mpaka kichwa kizima au uti wa mgongo. Nyama iliyotolewa mifupa, ngozi, na pembe zenye kipande cha fuvu kilichosafishwa kwa kawaida hupita.

Na nyama hiyo haiuzwi. Anayetoka Tanzania, ambako kanuni zimeruhusu bucha za nyamapori, huona ajabu. Kumgawia jirani ni ruksa. Texas hata hapo unaandika hati ya kuonyesha mnyama alitoka kwa nani na lini, ukaitia saini. Kuchukua pesa ni kosa, na nyama iliyopatikana kinyume cha sheria ikivuka mpaka wa jimbo, Sheria ya Lacey ya mwaka 1900 huligeuza kuwa kosa la shirikisho. Leseni ikifutwa jimbo moja, mkataba baina ya karibu majimbo yote huifuta na kwingine.

Kupima habari inayofuata

Tazama kwanza ni nani aliyesema: bunge la shirikisho, bunge la jimbo, tume au mahakama. Kisha tazama hatua. Muswada uliowasilishwa si sheria. Unapita kamati, mabaraza mawili, kisha gavana, na mingi hufia kwenye kamati. Hata ukitiwa saini, una tarehe ya kuanza. Hata ikifika, mahakama inaweza kuuzuia: Oregon walipiga kura kupitisha sheria ya bunduki iitwayo Hatua 114 Novemba 2022, ikazuiwa kabla haijaanza. Tangu Juni 2022 Mahakama ya Juu inataka sheria za silaha zilingane na historia ya udhibiti wa silaha ya Marekani, na kipimo hicho kimejaza kesi kila upande. Mwaka 2024 majaji 8 kwa 1 walisema sheria ya leo haihitaji kuwa pacha wa ile ya kale. Yatosha kanuni ya msingi ifanane.

Kalenda nayo husaidia. Bunge la Texas hukaa siku 140 tu, kuanzia Januari, katika miaka isiyogawanyika kwa mbili. Ukisikia Oktoba ya mwaka 2026 kwamba Texas “imepitisha sheria mpya ya bunduki jana”, uliza kwanza kama gavana aliita kikao maalumu. Kanuni za tume hufuata mzunguko mwingine, na hazitangazwi kwa kelele: hutokea kwenye kijitabu cha msimu, mara nyingi katikati ya mwaka, na mabadiliko huorodheshwa kwenye kurasa za mwanzo. Kijitabu cha mwaka jana kilichobaki kwenye dashibodi kitupe siku unayonunua leseni mpya.